Nani Ashikaye Uzi? Uhakiki wa Hadithi na Vikaragosi katika Nyanda za Juu Kusini

Katika msamiati wetu wa siasa neno kikaragosi limekuwa neno baya. Kwa miaka mingi lilitumiwa pamoja na neno kibaraka kumtaja mtu aliyeketi katika kiti cha utawala huku maneno anayoyatamka yametungwa na mwingine. Serikali ya Saigon iliyoanguka Aprili 1975 iliitwa serikali ya vikaragosi. Vivyo hivyo ile ya Muzorewa, iliyosimikwa Salisbury mwaka 1979 ili walowezi waendelee kutawala kwa sura nyeusi. Lakini kabla ya kuwa tusi la kisiasa, kikaragosi ni kifaa cha sanaa. Ni mwanasesere wa kitambaa, wa mti au wa gunzi la mahindi, ambaye huvalishwa mkononi au hufungwa nyuzi, akachezeshwa mbele ya watu na kupewa sauti.

Makala haya yanahusu wasimulizi wanaosafiri na masanduku ya vikaragosi katika mikoa ya Mbeya na Iringa, wakitoka kikundi hiki kwenda kikundi kile: akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, walezi wa watoto yatima, wanafunzi wa shule za msingi, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Tunaposema Mbeya na Iringa tunakusudia mikoa hiyo kwa mapana yake ya zamani, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, kwa sababu msimulizi anayepanda basi Tunduma na kushuka Makambako hafuati mipaka ya utawala bali anafuata barabara na watu.

Kuna ndugu wanaoidharau kazi hii wakisema kwamba ni michezo ya watoto. Kuna wengine wanaoisifu bila kipimo, wakiiita elimu shirikishi, na hawaulizi ni nani anayeshiriki na katika nini. Misimamo yote miwili ni mibovu. Sanaa inayoweza kuwakusanya wakulima mia chini ya mti siku ya kazi, wakakaa saa mbili bila kulipwa posho, haiwezi kuwa jambo dogo. Na jambo lisilo dogo halina budi kuhakikiwa. Swali la kuanzia ni lile lile lililoulizwa juu ya Saigon na Salisbury: nani ashikaye uzi?

1. Sanaa yenye mizizi

Yafaa ieleweke kwanza kwamba hadithi haikuletwa vijijini na miradi. Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali na Wanyiha walikuwa na hadithi zao kabla ya Wajerumani kuingia Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894 na kuivunja ngome ya Mkwawa. Katika nchi yenye baridi kali mwezi Juni na Julai, jiko la jioni lilikuwa darasa, na mwalimu wake mkuu alikuwa bibi. Huko mtoto alijifunza nani ni ndugu, nani ni mlafi, na mwoga hufikwa na nini.

Fani ya hadithi hizo ina sifa moja ambayo kada anapaswa kuizingatia sana. Nyingi kati yake zina wimbo ndani yake, na wimbo huo huitikiwa na wasikilizaji. Hata hadithi ya Kiswahili hufunguliwa kwa maafikiano: msimulizi husema paukwa, nao husema pakawa. Asipoitikiwa hana ruhusa ya kuendelea. Hivyo hadithi ya jadi haikuwa hotuba, bali kazi ya pamoja. Ndiyo maana wasanii wa Dar es Salaam walioanzisha kikundi cha maigizo katika miaka ya 1980 waliona inafaa kukiita Paukwa.

Mwanasesere wa kuchezeshwa naye si mgeni nchini. Wasukuma, katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, wamekuwa wakitumia sanamu za mti zenye viungo vinavyocheza ili kuvuta umati kutoka upande wa wapinzani. Wamakonde wanajulikana dunia nzima kwa vinyago vyao vya kuvaa katika ngoma. Msimulizi anayefungua sanduku lake Mafinga au Tukuyu anaunganisha mambo mawili ambayo umma wa Tanzania unayafahamu: hadithi inayoitikiwa na sanamu inayotembea. Kwa hiyo wanaosema kwamba sanaa hii ni ya kizungu wanakosea. Jambo la kuhakikiwa ni matumizi yake.

2. Kwa nini kikaragosi husema yasiyosemeka

Kikaragosi kina nguvu ambayo mwigizaji wa nyama na damu hana. Tuchukue mfano wa Rungwe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya desturi ya mke kumwepuka baba mkwe wake: hapiti njia moja naye, hamtazami usoni, hatamki jina lake. Desturi hiyo imelegea sana sasa, lakini heshima iliyoizaa bado ipo katika nyumba nyingi. Je, katika mkutano ambamo mkwe na baba mkwe wamekaa pamoja, mwanamke huyo atasimama vipi kueleza kwamba shamba la marehemu mumewe limechukuliwa na upande wa baba mkwe? Hawezi. Lakini kikaragosi chenye khanga kichwani kinaweza. Kikaragosi hakina ukoo. Hakina mkwe wala shemeji. Kikisema neno, wote wanacheka, na baada ya kucheka wanaangalia chini, kwa sababu kila mmoja amejua ni shamba la nani linalosemwa.

Nguvu hii imetambuliwa kwingineko. Afrika Kusini, mwaka 1987, wakati ubaguzi wa rangi ungali sheria, Gary Friedman na wenzake walianzisha maonyesho ya vikaragosi vikubwa vya barabarani juu ya UKIMWI. Vikaragosi hivyo vilipakwa rangi ya kijivu, ili asipatikane mtazamaji mweupe wala mweusi wa kusema kwamba ugonjwa huo ni wa wale wengine. Kenya, katika miaka ya 1990, vikundi vya vikaragosi vilizunguka mijini na vijijini kwa elimu ya afya. Na mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu, mchora katuni Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, alianzisha katika televisheni ya Kenya kipindi kilichowaonyesha wakubwa wa siasa wakiwa vikaragosi vya mpira. Hapo mambo yalipinduliwa: waliozoea kuvuta nyuzi za wengine walijiona nao wakivutwa.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba kikaragosi ni silaha ya mnyonge pale ambapo kusema kwa kinywa chako ni hatari au ni aibu. Lakini silaha hufuata mkono. Kikaragosi kile kile kinachomsaidia mjane kusema kinaweza kutumiwa kumnyamazisha, kwa kumpa maneno ambayo si yake.

3. Hadithi ya kisima

Ili uhakiki wetu usiwe wa maneno matupu, tuchambue hadithi moja inayosimuliwa sana kwa vikaragosi, nayo ni ile ya wanyama na kisima. Inajulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki na kusini mwake, na Sungura wake ni yule yule ambaye jirani zetu wa Malawi na Zambia humwita Kalulu.

Ukame umeingia. Simba anaita mkutano, na wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Wote wanachimba, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Sungura hakuchimba. Alisema ati umande unamtosha. Maji yalipotoka wanyama wakaweka mlinzi. Usiku Sungura akaja na kibuyu cha asali, akamlambisha mlinzi wa kwanza, akamwambia asali hii hupewa aliyefungwa kamba tu. Mlinzi akakubali kufungwa. Sungura akanywa, akaoga, akayachafua maji. Mlinzi wa pili akafanyiwa hivyo hivyo, na wa tatu. Mwishoni Kobe, ambaye hakuna aliyemtarajia, akajitolea. Wenzake wakampaka ulimbo mgongoni, naye akazama chini ya maji akatulia. Sungura alipoingia kuoga akanasa.

Kwa upande wa fani, hadithi hii imejengwa kwa ustadi mkubwa. Imejengwa juu ya marudio: mlinzi, asali, kamba, mlinzi, asali, kamba. Kila marudio yanampa mtazamaji nafasi ya kujua zaidi ya anavyojua mlinzi, na watoto hupiga kelele kumwonya Fisi asilambe. Kikaragosi cha Sungura, chenye masikio marefu ya kitambaa, ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Na hapo ndipo penye mgongano ambao msimulizi asiye mwangalifu hauoni. Katika hadithi nyingi Sungura ni mnyonge anayewashinda Simba na Tembo kwa akili, na mkulima aliyekuwa akitozwa kodi ya kichwa na mkoloni alikuwa na haki ya kujiona katika Sungura huyo. Lakini katika hadithi ya kisima, akili ile ile imegeuka kuwa chombo cha kunywa jasho la wengine. Sungura wa kisima ni mnyonyaji. Tena ni mnyonyaji anayetuchekesha, na tunampenda hata wakati anatuibia. Hakuna kitabu cha nadharia kinachoeleza kwa ufupi zaidi jinsi wizi unavyoweza kupewa sura ya werevu.

Sasa, maudhui haya hufanywa nini? Katika maonyesho ya aina hii tuliyoyashuhudia, Sungura akishanaswa msimulizi huweka vikaragosi chini, hubadilisha sauti, na kutangaza funzo: chemsheni maji ya kunywa, naweni mikono kwa sabuni, jengeni vyoo. Watu hupiga makofi. Sanduku hufungwa.

Hatusemi kwamba funzo hilo ni la uongo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowashirikisha watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ilichimba vyoo na kuokoa maisha, na hakuna kada wa kuidharau. Tunachosema ni kwamba funzo hilo halimo katika hadithi. Ni mkia ulioshonewa mnyama asiye wake. Hadithi iliuliza: nani amechimba, na nani anakunywa? Funzo likajibu: mikono yenu ni michafu. Swali la wakulima limeondolewa kimyakimya, na mahali pake limewekwa jibu la mfadhili.

Na swali hilo ni la kweli katika mikoa hii. Katika miaka ya 1980 Iringa, Ruvuma na Mbeya zilikuwa na mpango mkubwa wa maji uliosaidiwa na Denmark, na katika miradi ya maji wanavijiji walichangia nguvu zao kuchimba mitaro. Baadaye ikaja mifuko ya maji ya vijiji na michango ya kila kaya. Palipo na mfuko pana daftari, na palipo na daftari pana anayelishika. Akina mama wanaosubiri foleni ya ndoo alfajiri wanajua maji hufika kwa nani kwanza. Wanajua pia kama hesabu za mfuko zilisomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, au hazikusomwa. Ukiwaachia hadithi ya kisima wataimalizia wenyewe, na mwisho wake hautakuwa sabuni.

4. Zimwi ni nani?

Kila hadithi ya jadi ina zimwi. Njia nyepesi ya kuupima msimamo wa msimulizi ni kuuliza zimwi lake ni nani. Katika hadithi nyingi za miradi zimwi ni mkulima mwenyewe: mkulima mlevi wa ulanzi, mama asiyelisha watoto mboga, kijana mzembe, nyanya mwenye imani za kale. Huyo ndiye anayechekwa na ndiye anayegeuka mwishoni. Wengine wote, yaani mnunuzi, mwajiri, bwana shamba asiyefika, kiongozi asiyesoma hesabu, hawamo kabisa katika sanduku. Hawakuchongwa.

Chukua zao la viazi katika Njombe na Umalila. Mkulima huuza kwa gunia, na gunia hilo hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa kilemba juu, likawa lumbesa. Mkulima hulipwa gunia moja. Uzito wa kilemba ni wa mnunuzi. Sheria ya vipimo inakataza, viongozi wamekemea mara nyingi, na lumbesa bado hupanda malori. Tuseme msimulizi anafika katika kijiji cha viazi na hadithi yake ni juu ya utapiamlo, na ndani yake mama mjinga anauza viazi vyote badala ya kulisha watoto. Je, hadithi hiyo ni ya kweli? Ni nusu ya ukweli. Mama ameuza vyote kwa sababu gunia moja na nusu limehesabiwa moja. Kikaragosi cha gunia lenye kilemba, kinachonenepa kila mnunuzi anapokikanda, kingefanya kazi ya elimu ya siasa ya mwezi mzima.

Tuje kwenye UKIMWI, kwa kuwa hilo ndilo lililowaleta wasimulizi wengi katika nyanda hizi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007-08 ulionyesha kwamba Iringa ilikuwa na maambukizi ya asilimia 15.7 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Mbeya ilikuwa na asilimia 9.2. Mwaka 2011-12, Njombe ikiwa imehesabiwa peke yake, ilikuwa na asilimia 14.8. Msiba huo ulijaza Makete watoto yatima. Hapana shaka kwamba kila sauti iliyosaidia watu kupima, kutumia kinga na kumeza dawa ilikuwa sauti njema, na wasimulizi wana sehemu yao katika heshima hiyo.

Lakini hadithi walizopewa wasimulizi zilikuwa na zimwi gani? Mara nyingi lilikuwa mhudumu wa baa, mwanamke wa midomo myekundu. Dereva wa lori alikuwa mwathirika wake. Hadithi ya namna hiyo haiulizi kwa nini Iringa na Mbeya. Haiulizi juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia na vituo vyake vya malori, juu ya vibarua wa chai na mbao wanaolala kambini mbali na familia zao, wala juu ya wasichana wanaotolewa vijijini wakiwa wadogo kwenda kuwa watumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Yule mwanamke wa baa alikuwa binti wa mtu, na pengine aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na minne, kwa nauli iliyolipwa na dalali. Msimulizi akianzia hapo, pale kituo cha basi, mbele ya wazazi wenyewe, anatoa elimu ya UKIMWI na ya uchumi kwa wakati mmoja. Akianzia baa anatoa lawama tu, na watu huondoka na mtu wa kumnyooshea kidole.

5. Somo la Malya na somo la Iringa

Wengine watauliza kama inawezekana kufanya vinginevyo. Inawezekana, kwa kuwa imekwisha kufanyika nchini mwetu. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba. Hawakufika na igizo lililokwisha kuandikwa. Waliishi na watu, wakasikiliza, wakachambua matatizo pamoja nao, na ndipo sanaa ikatungwa kwa ngoma na fani za pale pale. Moja ya mambo yaliyojitokeza lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Baada ya onyesho palikuwa na majadiliano, na majadiliano hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha kazi.

Kwa jirani zetu, katika kituo cha Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walilisahihisha igizo lililotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii hata likawa lao, likaonyeshwa mwaka 1977. Serikali ya Kenya ililipiga marufuku mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Watawala hawabomoi ukumbi kwa sababu ya nyimbo za sabuni.

Somo la pili linatoka Iringa kwenyewe, wala halihusu sanaa moja kwa moja. Mpango wa lishe ulioanza mkoani humo mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO ulishughulika kwanza na vijiji 168. Filamu juu ya njaa iliyofichika ilionyeshwa ili kuwaamsha watu. Lakini filamu peke yake haikuponya mtoto. Kilicholeta mageuzi ni kwamba watoto walipimwa uzito hapo hapo kijijini, matokeo yakapelekwa mbele ya serikali ya kijiji, na kijiji chenyewe kikajadili sababu na hatua. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka kiasi cha asilimia 56 hadi 38, na wenye hali mbaya zaidi kutoka kiasi cha asilimia 6 hadi 2. Mizani ilikirudishia kijiji habari zake chenyewe. Kikaragosi kizuri kinafanya kazi ya mizani.

Kinyume cha masomo haya mawili ni jambo ambalo kila msomaji wa jarida hili analijua, yaani ngonjera za mapokezi. Mathias Mnyampala alipoieneza fani hiyo, na Mwalimu Nyerere alipowaomba washairi kulieneza Azimio la Arusha, ngonjera ilikuwa majibizano: mmoja anauliza, mwingine anajibu, na mwenye kupinga anapewa hoja zake. Kadiri miaka ilivyopita ngonjera nyingi zilibaki kuwa sifa zinazokaririwa na watoto wamesimama juani, mgeni rasmi yuko kivulini, na yule mwenye kupinga amefutwa. Fani iliyozaliwa kwa ajili ya mabishano ikawa fani ya makofi. Hatari hiyo hiyo inaikabili sanaa ya vikaragosi, na haijalishi kama anayeandika maneno ni mfadhili wa nje, ofisi ya wilaya au chama.

6. Vipimo vya kada

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza vipimo vinne, ambavyo kada au mwanafunzi anaweza kuvitumia mahali popote atakapoona sanduku la vikaragosi likifunguliwa.

Kwanza, hadithi imetoka wapi? Msimulizi aliyekaa siku mbili kijijini akisikiliza kabla ya kusimulia hayuko sawa na yule aliyefika saa nne na kuondoka saa saba. Si lazima hadithi iwe ya pale. Hadithi ya kisima inaweza kutoka popote. Lakini swali lake lazima liwe la pale.

Pili, zimwi ni nani? Zimwi likiwa daima ni mkulima, hadithi hiyo inamtumikia asiyeonekana jukwaani.

Tatu, mwisho wa hadithi unatolewa na nani? Sungura akinaswa katika ulimbo ndipo msimulizi hodari hunyamaza. Humkabidhi mama mmoja kikaragosi cha Kobe, na mzee mmoja kikaragosi cha Simba, akauliza: afanywe nini? Wapo watakaosema auawe. Wapo watakaosema achimbe kisima cha pili peke yake. Na hapakosi mmoja wa kuuliza kwa nini Simba, aliyeitisha mkutano, hakukaa zamu hata usiku mmoja. Hapo ndipo elimu ya siasa inapoanza, na mkufunzi aliyehitimu vyuo vyote hangeweza kulitunga swali lile vizuri zaidi.

Nne, nini kinabaki msimulizi akiondoka? Kikaragosi hutengenezwa kwa gunzi, gunia kuukuu, soksi iliyotoboka na vipande vya kitenge. Hakuna kinachohitaji kuagizwa ng'ambo. Kama vikaragosi vyote vimeondoka ndani ya gari, kijiji kimeburudishwa tu. Kama wawili watatu wamejifunza kuvishona na kuvisemesha, basi wakati wa mkutano mkuu ujao kuna chombo.

Hapa hatuna budi kumtendea haki msimulizi mwenyewe. Yeye pia ni mfanyakazi, na mara nyingi ni mfanyakazi maskini. Fedha za safari hutolewa kwa mradi, na mradi una ujumbe wake ulioandikwa tayari. Akiulizwa na mfadhili ni watu wangapi wamefikiwa, hawezi kujibu kwamba wamefikiwa wachache lakini wamebishana hadi jua likazama. Kumlaumu yeye peke yake ni kurudia kosa lile lile la kumtafuta zimwi katika mtu mdogo. Kinachotakiwa ni kumpa mahali pa kusimama ambapo hapategemei fedha za mradi.

Mahali hapo papo. Kata zina maofisa maendeleo ya jamii. Shule zina walimu wanaojua hadithi kwa lugha za watoto. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kimefundisha wasanii tangu mwaka 1981, na wengine wao wamerudi mikoani. Vijiji vina mabibi ambao hakuna aliyewaalika kusimulia tangu redio ilipoingia jikoni. Matawi na mashina, badala ya kungoja sanduku la mgeni, yanaweza kuwaita mabibi hao jioni moja kwa mwezi, pamoja na vijana wenye sindano na vitambaa, na kuacha hadithi ya kisima isimuliwe katika kijiji chenye mgogoro wa maji, na ya gunia katika kijiji cha viazi.

Kada anayehudhuria jioni hiyo asikae meza kuu. Akae mkekani. Akiitwa aitikie pakawa kama wengine, na kikaragosi chenye kofia kama yake kikitokea kikaanza kusoma hesabu za mfuko wa maji kwa kigugumizi, acheke pamoja na umma, kisha kesho yake akalitafute daftari.